Barua ya Wazi kwa Wabunge: Watu Mmekwisha Kuwahesabu, Pangeni Chakula Chao

Kwa:
Mheshimiwa Spika na Waheshimiwa Wabunge wote,
Bunge la Jamhuri ya Muungano wa Tanzania,
Dodoma.

YAH: ONGEZEKO LA WATU NA USALAMA WA CHAKULA NCHINI

Waheshimiwa,

 

Mimi ni mkulima wa mahindi na alizeti mkoani Dodoma, na uandishi ni kazi yangu ya pili. Nimeamua kuandika hadharani kwa sababu haya nitakayoyasema yamekwisha kusemwa kwenye mikutano mingi ya vijiji, yakaandikwa kwenye mihtasari, na mihtasari ikabaki kwenye mafaili. Sikumwandikia Waziri wa Kilimo peke yake. Ninyi ndio mnaopitisha bajeti na ndio mnaotunga sheria, na suala la watu na chakula limekwama kwenye vitu hivyo viwili.

Usiku wa kuamkia tarehe 23 Agosti 2022 tulihesabiwa. Tukakutwa watu 61,741,120. Miaka kumi kabla yake tulikuwa milioni 44.9, na sensa ya mwaka 1967 ilitukuta milioni 12.3. Kasi yetu sasa ni asilimia 3.2 kwa mwaka, na nchi inayokua kwa kasi hiyo hurudufu watu wake kwa miaka 22 hivi. Miezi mitatu baada ya sensa yetu, tarehe 15 Novemba, Umoja wa Mataifa ulitangaza kwamba dunia imefikisha watu bilioni nane. Katika makadirio yake ya mwaka huohuo ulizitaja nchi nane zitakazobeba zaidi ya nusu ya ongezeko lote la dunia hadi mwaka 2050: Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, Misri, Ethiopia, India, Nigeria, Pakistan, Ufilipino, na sisi. Makadirio hayo yanatuweka karibu milioni 130 ifikapo mwaka huo wa 2050. Kwa hiyo wakubwa wanapokutana Roma au New York kujadili kama dunia itaweza kujilisha, wanaowazungumzia ni watoto wa majimbo yenu.

Kinachoniumiza ni kwamba jambo hili likiguswa hapa nyumbani, majibu ni mawili tu, nami nimechoka kuyasikia. La kwanza: "Tanzania ina ardhi ya kutosha." La pili: "Wananchi wanazaa mno." Jibu la kwanza linatumika kuahirisha kazi, na la pili linatumika kumtupia lawama mama wa kijijini. Nayapinga yote mawili. Ongezeko la watu ni la kweli na linatubana, lakini linachotunyima ni muda. Njaa na udumavu tulionao leo vina sababu zake nyingine, na nyingi zinaweza kurekebishwa humo ukumbini mnamokaa.

1. Chakula kinatangazwa kuwa kingi, na mtoto amedumaa.

Wizara ya Kilimo imetangaza kwamba utoshelevu wa chakula nchini umefika asilimia 128. Mwaka 2024 Wakala wa Taifa wa Hifadhi ya Chakula ulikubali kuiuzia Zambia, iliyokuwa imepigwa na ukame, tani 650,000 za mahindi. Nayafurahia yote hayo, kwa kuwa mahindi hayo yametoka mikononi mwa wakulima wenzangu. Lakini utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2022 ulikuta watoto watatu katika kila kumi walio chini ya miaka mitano wamedumaa. Na itazameni mikoa inayoongoza: Iringa asilimia 56.9, Njombe 50.4, Rukwa 49.8. Mikoa hiyo ndiyo inayojaza maghala ya nchi. Mkoa unaovuna kuliko mingine ndio wenye watoto wafupi kuliko umri wao.

Anayeishi kijijini haulizi imekuwaje. Mama anaamka alfajiri, analima mpaka jua la utosi, anarudi na kuni kichwani, na mtoto wa miezi minane ameshinda na dada yake wa miaka saba. Uji wake ni wa unga mtupu. Mayai yamekwenda mnadani, maziwa yamekwenda kwa mwenye pikipiki anayekusanya, maharage yamekwenda kwa mchuuzi. Chochote chenye bei kimetoka nyumbani, kimebaki kisichokuwa na bei. Udumavu unajengeka tangu mimba hadi miaka miwili ya kwanza, na ukishapita hapo haurudishiki kirahisi, hata mtoto akija kupewa nini. Hesabu ya utoshelevu inapima tani. Haioni kilichomo kwenye bakuli la mtoto huyo.

Halmashauri zetu ziliwekewa utaratibu wa kutenga shilingi 1,000 kwa mwaka kwa kila mtoto wa chini ya miaka mitano kwa ajili ya lishe. Kwa bei ya leo fedha hiyo inanunua mayai matatu hivi. Mayai matatu kwa mwaka mzima, Waheshimiwa, na hata hicho kiasi kutolewa kwake hutegemea mapato ya halmashauri husika na moyo wa mkurugenzi wake.

Naomba Bunge lipandishe kiwango hicho mpaka kifanane na kazi kinachotakiwa kuifanya, likilinde kisiguswe kwa matumizi mengine, na kila mwaka taarifa ya utekelezaji isomwe bungeni wilaya kwa wilaya, kwa majina ya wilaya. Naomba pia chakula cha shuleni kiache kutegemea michango ya wazazi ambao msimu ukiwa mbaya wao wenyewe hawana. Serikali inunue mahindi, maharage na maziwa kwa wakulima wa kata ileile ilipo shule. Mkulima atapata soko na mtoto atapata uji wenye kitu ndani yake.

2. "Ardhi ipo" ni kauli ya mtu anayetazama ramani.

Hekta milioni 44 zinazofaa kwa kilimo hutajwa kwenye karibu kila hotuba. Ramani ni kubwa kweli. Lakini nendeni Uchaggani mkaone kihamba. Babu aliachiwa kihamba chenye migomba na kahawa, akakigawa kwa wanawe. Nao wakawagawia wanao. Na leo kijana wa Rombo au Marangu anaonyeshwa kipande ambacho nyumba ikikaa na kaburi la baba likikaa, hapabaki pa kupanda. Nendeni Kilosa, ambako Desemba 2000 watu zaidi ya 30 waliuawa Rudewa Mbuyuni kwa mgogoro wa wakulima na wafugaji. Watu hao hawakugombania hekta za kwenye hotuba. Waligombania maji na malisho, na vitu hivyo havikutosha.

Nasema hivi bila kukubaliana na wale wanaodai kwamba watu wakiongezeka njaa ni lazima. Malthus aliandika hivyo Uingereza mwaka 1798, na Uingereza ya leo ina watu mara nyingi zaidi na haifi njaa. Karibu na kwetu kuna mfano mzuri zaidi: Machakos nchini Kenya. Miaka ya 1930 wataalamu wa kikoloni waliiona Ukambani kuwa ardhi iliyokwisha kufa, makorongo matupu. Kufikia mwaka 1990 idadi ya watu ilikuwa imeongezeka zaidi ya mara tano, na mmomonyoko ulikuwa umepungua. Watu walichimba matuta ya fanya juu kilima kwa kilima, wakapanda miti na matunda, wakafuga kwa kukatia majani. Hapa kwetu Wakara wa kisiwa cha Ukara, ndani ya Ziwa Victoria, walikuwa wakifuga ndani na kurudisha samadi shambani miaka mingi kabla ya mradi wowote kuwafikia, kwa sababu kisiwa kilikuwa kimejaa na hapakuwa na pa kuhamia.

Lakini msichukue mfano wa Machakos nusu. Mkamba alichimba tuta kwa sababu shamba lilikuwa lake, barabara ilifika, na soko la Nairobi lilikuwa jirani. Hakuna anayechimba tuta la miaka thelathini kwenye shamba ambalo anaweza kuondolewa kesho kupisha viwanja. Vijiji vingi bado havina mpango wa matumizi bora ya ardhi, na wananchi wengi hawana hati ya kimila. Kandokando ya miji yetu, shamba la mpunga linageuka kuwa mawe ya mipaka ya viwanja ndani ya msimu mmoja. Mjane anaambiwa na shemeji zake kwamba shamba ni la ukoo, ilhali Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inampa haki sawa na mwanamume.

Naomba fedha za kupima vijiji vyote na kutoa hati za kimila, jina la mke likiandikwa pamoja na la mume, ziwe fungu la kudumu kwenye bajeti zisingoje wafadhili. Na ardhi nzuri ya kilimo iliyo pembeni mwa miji ilindwe kisheria isigeuzwe viwanja kwa uamuzi wa kikao kimoja cha halmashauri.

3. Tunavuna ili wadudu wale.

Hapa ndipo ninapoomba mkae nami kidogo, kwa sababu kwa mkulima hasira kubwa iko hapa.

Viongozi wa Wizara wenyewe wamekuwa wakitaja upotevu wa nafaka baada ya mavuno wa kati ya asilimia 30 na 40. Mwaka 2014 kule Malabo wakuu wa nchi za Afrika, sisi tukiwemo, waliahidi kuupunguza kwa nusu ifikapo 2025. Mwaka huo umefika, na kijijini kwetu mahindi bado yanakaa kwenye kihenge kilekile cha fito na udongo.

Adui mkubwa wa kihenge hicho ni dumuzi. Aliingia nchini kupitia Tabora mwishoni mwa miaka ya 1970, akitokea Amerika ya Kati, na wakulima wakampa jina la Skania kwa jinsi anavyosomba mzigo. Ukitaka kujua kama amefika, piga kihenge kwa kiganja. Unga mweupe unadondoka chini kabla mahindi hayajaonja mashine. Ukichukua gunzi mkononi ni jepesi, punje zina matundu ya duara, ukizifinya zinavunjika na ndani hamna kitu. Mama ambaye Juni alihesabu magunia ya kumfikisha Machi anagundua Oktoba kwamba atafika Desemba. Miezi mitatu ya chakula cha watoto imekwenda ndani ya kuta za nyumba yake.

Adui wa pili haonekani. Mwaka 2016, hapa Dodoma na jirani zetu wa Manyara, watu takribani 20 walikufa kwa sumukuvu. Kenya walikuwa wameyaona makubwa zaidi mwaka 2004, walipozika watu 125, wengi wao wa Makueni na Kitui. Kuvu huota kwenye mahindi na karanga zilizopigwa na ukame shambani, kisha zikaanikwa chini na kuhifadhiwa zikiwa na unyevu. Sumu yake huwezi kuipika ikaisha. Anayekula kidogo kidogo hafi leo; ini lake ndilo linaloumia, na watafiti wameihusisha sumu hiyo na udumavu wa watoto. Nasi tunachagua punje mbovu, nzuri zinakwenda sokoni, na zile mbovu mara nyingi zinasagwa kwa chakula cha kuku au kutengenezewa pombe, au zinaliwa na wasio na uchaguzi.

Dawa ya maadui hawa wawili si ngumu: turubai la kuanikia, kipima unyevu cha kijiji, na mfuko wa tabaka tatu unaobana hewa, ambao wengi wanaujua kwa jina la Kinga Njaa. Mfuko mmoja ni kama shilingi elfu tano. Ukifungwa vizuri wadudu wanakosa hewa na kufa bila sumu yoyote. Sasa fanyeni hesabu pamoja nami. Serikali imetia ruzuku kwenye mbolea tangu Agosti 2022, na imefanya vyema. Matumizi ya mbolea yamepanda kutoka tani zipatazo 363,000 hadi zaidi ya 800,000 kwa mwaka. Lakini sijaona ruzuku ya namna hiyo kwenye mfuko. Tunalipia gunia la ziada liote, kisha tunamwachia dumuzi gunia lililokwisha kuota.

Adui wa tatu ana miguu miwili. Juni na Julai, kila mkulima anapodaiwa, anayedaiwa ada na anayedaiwa dawa, wanunuzi wanaingia kijijini na magunia yao. Gunia la debe sita linashindiliwa hadi debe saba na nusu, linafungwa kamba kwa juu, na linalipwa kama gunia moja. Hiyo ndiyo lumbesa. Sheria ya vipimo inaikataza, viongozi wameikemea kwenye majukwaa, na kila msimu inarudi kwa sababu kijijini hakuna mizani na hakuna mwenye nguvu ya kukataa. Mkulima huyohuyo aliyeuza Julai ananunua unga Januari kwa bei ambayo mavuno yake hayakuwahi kuiona. Na mipaka ikifungwa ghafla, kama mwaka 2017 mahindi yalipozuiwa kutoka nje, bei ya shambani inaanguka na mkulima ndiye anayelipia unafuu wa mjini.

Naomba ruzuku ya mifuko na maturubai ianze mwaka huu wa fedha kupitia mfumo uleule wa usajili wa wakulima unaotumika kwenye mbolea. Naomba kila kijiji kinachouza nafaka kiwe na mizani iliyohakikiwa na ghala moja dogo, ambamo mkulima ataweka mazao na kupata mkopo mdogo wa kumvusha Julai. Naomba anayekamatwa na lumbesa anyang'anywe leseni ya kununua mazao, kwa kuwa faini anaijumlisha tu kwenye gharama. Na amri ya kufunga mipaka isitolewe bila kuletwa bungeni.

4. Maji.

Nchi ina hekta milioni 29.4 zinazofaa kwa umwagiliaji. Mwaka 2023 zilizokuwa zikimwagiliwa zilikuwa karibu 727,000. Hapo mwenye macho haambiwi tazama. Mvua zetu zimekuwa hazitabiriki. Mwaka mmoja vuli haiji, mwaka mwingine Rufiji inafunika mashamba kama ilivyokuwa Aprili 2024. Mabwawa makubwa yaendelee kujengwa, lakini naomba wahandisi wa umwagiliaji wa wilaya wapewe fedha za malambo madogo na visima vya pamoja, kwa sababu huku Dodoma maji ya mvua moja kubwa ya Januari yakizuiwa yangetosha kuokoa ekari nyingi za mtama na mahindi.

5. Msichana wa miaka kumi na tano.

Nakuja kwenye lile ambalo wengi wenu hamlipendi. Utafiti uleule wa afya wa 2022 unaonyesha kwamba mwanamke wa Tanzania huzaa kwa wastani watoto 4.8, na kwamba wasichana 22 katika kila 100 wa umri wa miaka 15 hadi 19 wamekwisha kuzaa au wana mimba. Takribani mmoja kati ya kila wanawake watano walioolewa angependa kupanga uzazi na hana njia. Mwaka 2018, akiwa Meatu, hayati Rais Magufuli aliwauliza wenye ng'ombe na mashamba kwa nini wapange uzazi ilhali wanaweza kulisha watoto wao. Nampa heshima yake marehemu. Lakini swali hilo aliulizwa mwenye ng'ombe. Mwenye tumbo hakuulizwa, na hakuulizwa anayelima shamba akiwa na mimba ya miezi minane.

Sina ninachomdai mama yeyote kuhusu idadi ya watoto wake. Ninachodai ni kwamba aichague mwenyewe. Tena asianze akiwa bado mtoto. Hesabu ni hii: katika nchi ambayo wasichana huanza kuzaa wakiwa na miaka 16, miaka 48 inatoa vizazi vitatu. Wakianza na miaka 24, miaka hiyohiyo inatoa vizazi viwili. Hata kama kila mmoja atazaa idadi ileile, nchi ya pili inapata muda wa kujenga shule, ghala na mfereji, na ya kwanza haipati. Na mama ambaye mwili wake bado unakua huzaa mtoto mdogo, na mtoto mdogo ndiye tunayemkuta baadaye kwenye takwimu za Njombe na Rukwa.

Sasa sheria zenu zinasemaje? Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inaruhusu msichana aolewe akiwa na miaka 15, ilhali mvulana ni 18, na kwa kibali cha mahakama hata 14. Mwaka 2016, katika shauri lililofunguliwa na Rebeca Gyumi, Mahakama Kuu ilisema vifungu vya 13 na 17 vinakiuka Katiba, ikatoa mwaka mmoja virekebishwe. Serikali ikakata rufaa. Tarehe 23 Oktoba 2019 Mahakama ya Rufani ikaitupa rufaa hiyo. Mwaka ukapita bila sheria kubadilishwa, ukapita mwingine, na mingine tena, tukiambiwa maoni bado yanakusanywa. Waheshimiwa, Mahakama ya juu kabisa nchini ilikwisha kuamua. Hapa hakuna ukame wa kusingizia, hakuna mfadhili wa kungojwa, na kufuta umri huo hakuhitaji hata shilingi moja ya bajeti.

Naomba muswada wa kuirekebisha sheria hiyo uletwe na upitishwe, umri uwe miaka 18 kwa wote. Naomba Waraka wa Elimu wa Novemba 2021, uliofungua mlango kwa wasichana waliojifungua kurudi shuleni, ugeuzwe kuwa sheria ili asije mtu akaufunga kwa tamko. Naomba pia dawa na vifaa vya uzazi wa mpango vinunuliwe kwa fedha zetu za ndani. Mwaka 2025 tumeona Marekani ikifunga misaada yake ya USAID kwa uamuzi wa wiki chache. Uzazi wa mama wa Kongwa au Kasulu haufai kutegemea uchaguzi wa nchi nyingine.

6. Fedha.

Sitaficha yaliyofanyika. Bajeti ya Wizara ya Kilimo ilikuwa shilingi bilioni 294 mwaka 2021/22, na mwaka 2024/25 ikafika trilioni 1.248. Hicho ni kimo ambacho hatukuwahi kukiona, na waliokipigania wanastahili shukrani. Lakini bajeti yote ya nchi mwaka huo ilikuwa trilioni 49.35. Kilimo kimepata asilimia mbili na nusu, na hata mkiongeza mifugo na uvuvi hatufiki nusu ya ile asilimia 10 ambayo wakuu wa Afrika waliisaini Maputo mwaka 2003. Azimio la Maputo lina umri wa mtu mzima mwenye watoto. Malabo ikalirudia mwaka 2014, na Kampala Januari 2025 ikaja na mpango mwingine wa miaka kumi. Tunasaini vizuri sana.

Kilimo kinabeba karibu theluthi mbili ya wafanyakazi wa nchi hii. Naomba Bunge lijifunge kwa azimio lake lenyewe kufika asilimia 10 kwa hatua zinazojulikana, mwaka hadi mwaka, na Waziri wa Fedha aeleze bungeni kila hatua isipofikiwa. Na kabla ya kupitisha fungu lolote la kilimo, afya, elimu au ardhi, Wizara husika iseme limepangwa kwa watu wangapi, kwa kutumia sensa ya 2022 na kasi ya asilimia 3.2. Tulitumia fedha nyingi kujihesabu. Bajeti isiyotaja idadi ya watu inaowahudumia irudishwe mezani.

Waheshimiwa,

Mtoto aliyehesabiwa akiwa amebebwa mgongoni Agosti 2022 atakuwa na miaka 22 wakati nchi itakapokuwa imerudufu. Atakuwa anatafuta shamba, kazi, na mchumba. Akili na urefu atakavyokuwa navyo wakati huo vinaamuliwa sasa hivi, na mwaka wake wa pili, ule wa kuzuia udumavu, umekwisha kupita mkiwa kwenye vikao. Wadogo zake wanazaliwa. Kwao bado mna nafasi.

Mkutano wa bajeti ukianza, nitasoma Hansadi ya kila siku ya mjadala wa kilimo, na wenzangu wa kijiji chetu tumekubaliana kuisoma kwa sauti mkutanoni. Tutasikiliza nani aliuliza kuhusu mfuko wa Kinga Njaa, nani aliuliza kuhusu Sheria ya Ndoa, na nani alisimama kupongeza kisha akakaa. Mbunge wetu akija kuomba kura, tutamwonyesha kurasa hizo. Nawaomba wananchi wa majimbo mengine nao wafanye hivyo.

Naomba kuwasilisha.

Wenu katika ujenzi wa Taifa,
Mkulima na mpiga kura,
Mkoa wa Dodoma.